Mstari wa Laki Tano na Ishirini

Barua ya dada niliikuta Alhamisi jioni chini ya kopo la sukari, imekunjwa mara nne. Sikuwa napekua. Nilitaka sukari ya chai, kopo likaja na karatasi. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaisoma tena nikiwa nimekaa, maana habari njema huwa naikagua kwanza kama noti ya elfu kumi niliyopewa na mtu nisiyemjua.

Zahanati binafsi anayofanyia kazi, hapa hapa Vingunguti, ilikuwa inampandisha kutoka muuguzi wa kawaida kuwa msimamizi wa zamu. Mshahara ungetoka laki tano na elfu kumi na tano kwenda laki tano na arobaini. Alitakiwa ajibu kwa maandishi ndani ya siku saba, na siku ya kwanza ilikuwa imeshapita.

Dada ananizidi miaka sita. Vyumba viwili tunavyoishi analipia yeye. Pale mkopo wangu wa chuo ulipoishia, yeye ndiye aliyemalizia, mwaka wa kwanza hadi wa tatu. Yeye mwenyewe ana cheti cha uuguzi, na jambo moja tu nimewahi kumsikia akilitaka kwa ajili yake: arudi asome stashahada, masomo ya jioni. Fomu alishachukua mara mbili, na mara zote mbili muda ukapita ikiwa kabatini.

Aliporudi kutoka kazini nilikuwa bado nimeishika barua.

"Hongera, sista!"

"Rudisha ulipoitoa."

"Lakini wamekupandisha!"

"Nimeiona. Mie naikataa." Alivua viatu vyake vyeupe, akavisimamisha ukutani vikauke. "Usinitolee macho. Kaa chini, mwanauchumi. Chukua kalamu. Jedwali si lako?"

Nilikaa, nikachukua kalamu.

Hilo jedwali lina historia yake. Bibi yetu aliletwa kutoka Njombe baada ya kupata kiharusi, na tangu hapo anakaa kwa baba mkubwa, huko Wazo karibu na kiwanda cha saruji, kwenye nyumba ambayo vumbi halikosi dirishani. Upande mmoja wa mwili haufanyi kazi. Anahitaji mtu wa kumgeuza, kumwogesha na kumlisha, mchana na usiku, na mtu huyo lazima alipwe. Mwanzoni ukoo uliamua kila mwenye kipato atoe elfu thelathini. Kila Jumapili ya pili ya mwezi, baada ya ibada, tunakutana sebuleni kwa baba mkubwa: sala, michango, chai, sala. Lakini binamu yetu mmoja ni mlinzi, mwingine anauza kwenye duka la mtu, na elfu thelathini kwao ilikuwa chakula cha nyumbani. Wakaanza kukosa vikao. Baba mkubwa, ambaye ni mwalimu mstaafu na hapendi mtu akose darasani, akanigeukia.

"Wewe umesoma uchumi. Tuletee kitu cha haki. Mwenye nacho atoe zaidi."

Nilikuwa nimeanza kazi ya muda katika ofisi ndogo ya wahasibu, Kinondoni, kwa posho ya laki mbili na nusu. Kazi yangu kubwa ilikuwa kuandaa orodha za mishahara ya kampuni za watu, na kila siku niliishi ndani ya viwango vya kodi. Kwa hiyo nikavichukua vile vile nilivyovijua. Serikali haigusi shilingi laki mbili na sabini za kwanza. Kuanzia hapo hadi laki tano na ishirini inachukua nane kwa kila mia. Hadi laki saba na sitini inachukua ishirini kwa mia, na kuendelea hivyo kwenda juu. Nikabaki na mistari ile ile, ila asilimia nikashusha: tatu, saba, kumi. Binamu mmoja anayefanya kazi Unguja alipiga simu, ikawekwa sauti kubwa, akasema huko kwao viwango vya kodi havilingani na vya Bara, sasa yeye ahesabiwe kwa vipi? Swali hilo lilininyima raha siku mbili nzima. Mwishowe baba mkubwa alisema bibi ni mmoja, hana Bara wala Visiwani.

Jambo moja nililisisitiza siku nilipoliwasilisha jedwali, Mungu ananiona. Nilisema asilimia ya juu inagusa kile kipande kilichovuka mstari tu. Mtu akivuka kwa elfu ishirini, ni ile elfu ishirini inayotozwa saba kwa mia. Fedha iliyo chini ya mstari inabaki na asilimia yake ya zamani.

Baba mkubwa alikunja uso. "Unatuchanganya. Kodi iko kama umeme."

"Umeme, baba mkubwa?"

"Ndiyo. Ukitumia kidogo unauziwa uniti kwa bei ya maskini. Ukizoea kuzidisha wanakuhamisha kundi, na uniti zote zinapanda bei, hata ile ya kwanza. Mie nilihamishwa kwa sababu ya friji. Kila mtu hapa anaelewa hilo. Weka hivyo."

Watu wakatikisa vichwa. Kweli, kila mtu alielewa. Nilifungua mdomo, nikaona nyuso kumi na mbili zinazosubiri chai, na nikafikiria: nikibisha nitaonekana najua kuliko mwalimu aliyenifundisha kusoma. Nikafikiria tena: huenda haitamuumiza mtu. Nikasema, "Sawa, baba mkubwa." Nikaandika kwamba mshahara wako wote unatozwa asilimia ya kundi ulilomo. Dada, ambaye ni katibu wa kikao, akalinakili jedwali kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri. Mie mwenyewe, kwa posho yangu, nilikuwa chini ya mstari wa kwanza. Sikutakiwa kutoa hata shilingi.

Sasa Alhamisi hiyo alinisogezea daftari la zamani la mahudhurio ya wagonjwa, upande usioandikwa.

"Anza. Wameniongeza ishirini na tano elfu. Nani anachukua nini?"

Nikaandika. Mfuko wa hifadhi ya jamii, kumi kwa mia: elfu mbili na mia tano. Kodi inapigwa baada ya kutoa hiyo, kwa hiyo kipato chake cha kutozwa hakikufika hata karibu na mstari wa laki tano na ishirini. Angebaki kwenye nane kwa mia. Kodi ingeongezeka kwa elfu moja na mia nane.

"Serikali elfu moja na mia nane," alisema. "Endelea. Sasa bibi."

Mchango wa bibi ulikuwa unahesabiwa kwenye mshahara wote kabla ya makato. Kwa mshahara wa sasa, tatu kwa mia ilikuwa elfu kumi na tano mia nne hamsini. Kwa mshahara mpya angevuka mstari, na saba kwa mia ya yote ilikuwa elfu thelathini na saba mia nane. Nilipiga kwenye simu, kisha kwa mkono, kisha kwenye simu tena.

"Tofauti?"

"Ishirini na mbili elfu, mia tatu hamsini."

"Jumlisha na yale ya mwanzo."

Nilijumlisha. Makato ya nyongeza yalizidi nyongeza yenyewe kwa shilingi elfu moja mia sita hamsini.

Ofisini kwetu, mara nyingi huja watu wazima, madereva, walimu, wameshika karatasi za mishahara, wakiogopa kwamba wakiongezwa kidogo watavuka kiwango na kurudi nyumbani na pungufu. Nimewaeleza wengi kwamba hilo halipo, kodi ya mshahara haifanyi hivyo, ukiongezwa daima unabaki na zaidi. Wengine nimewachekea moyoni. Na hapa mezani kwetu, jambo lile lile nililokuwa nikiwaambia watu halipo, nilikuwa nimelitengeneza kwa mkono wangu.

"Elfu na mia sita siyo kitu," nilisema, na sauti yangu mwenyewe ilinikera.

"Siyo hiyo." Alikuwa anakandamiza nyayo zake kwa vidole. "Msimamizi kifaa kikipotea kwenye zamu anakatwa yeye. Dawa ikipungua, yeye. Mwenye zahanati akigombana na mkewe, yeye. Nilikuwa tayari kwa sababu elfu ishirini niliyodhani itabaki nilishaipangia. Ndiyo ada ya jioni, kidogo kidogo. Sasa nibebe lawama za watu sita nirudi na pungufu ya leo?"

"Nitabadilisha jedwali. Jumapili ni kikao."

Aliacha kukandamiza nyayo. "Ukibadilisha, nitakubali. Lakini barua hii usiitaje. Wakijua nimepandishwa, kabla ya chai nimeshawekwa kamati mbili za harusi."

Ijumaa na Jumamosi nilitengeneza jedwali jipya. Sikuweza tu kurudi kwenye asilimia tatu, saba na kumi na kuzitoza kwa vipande, kwa sababu makusanyo yangeshuka chini ya nusu na yule mama anayemlea bibi asingelipwa. Ilibidi asilimia zipande ili jumla isiporomoke. Nilihangaika nazo hadi zikakaa: sita na nusu kwa kipande cha kwanza, kumi na tano kwa cha pili, ishirini na tatu kwa cha juu. Nilimhesabia kila mwanaukoo mmoja mmoja. Waliokuwa juu walipunguziwa kidogo. Waliokaribia mwisho wa kundi la chini waliongezewa kiasi kisichofika nauli ya siku moja. Na dada, kwa mshahara mpya, angetoa elfu kumi na tisa mia mbili hamsini, angebaki na kiasi fulani cha ada. Haikuwa ada yote. Ilitosha kujaza fomu bila kuona haya.

Jedwali lilikuwa zuri. Nakumbuka nililiangalia kama mtu anavyoangalia shati alilolipiga pasi mwenyewe. Halafu nikaanza kufikiria watakachouliza, na majibu yangu, na watakachouliza juu ya majibu yangu, hadi Jumapili asubuhi kanisani sikusikia mahubiri yalikuwa ya nini.

Kwa baba mkubwa tulikaa kama kawaida, wanaume kwenye makochi, wanawake kwenye mkeka na viti vya plastiki, dada kwenye meza ya kulia na daftari lake. Kutoka chumba cha nyuma tulimsikia mlezi akimwambia bibi, "Haya mama, upande huu sasa." Baba mkubwa aliomba kwa kirefu. Kisha akasema kijana ana hoja.

Niligawa nakala. Nilisimama. Nilianza na utangulizi, na utangulizi ndio ulioniponza, kwa sababu nilipokuwa bado naeleza maana ya haki, baba mdogo alishafika mwisho wa karatasi. Baba mdogo anafanya kazi bandarini na mshahara wake ni laki tisa. Ndiye anayetoa kuliko wote na hakuna kikao ambacho hatukumbushi.

"Subiri, subiri. Mwezi uliopita mie nilikuwa kumi kwa mia?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Na hapa pameandikwa ishirini na tatu?"

"Ndiyo, lakini siyo kwa mshahara wote. Ni kwa kile kipande kilicho juu ya laki saba na sitini tu. Kwa hesabu hii wewe utatoa elfu themanini na nne na kitu. Sasa hivi unatoa tisini. Utalipa pungufu."

Aliitazama tena karatasi, nikadhani ameelewa.

"Yaani," alisema baba mdogo polepole, akiwatazama wengine, "asilimia imepanda zaidi ya mara mbili, na mie nalipa pungufu."

"Ndiyo."

"Jamani, mwenzenu nachezewa hapa. Huyu mtoto tumemsomesha aje atuibie kwa Kiswahili fasaha."

Walicheka. Mama mdogo, mkewe, alipunga karatasi kama kipepeo. "Leo ishirini na tatu. Mwakani akipata kazi ya kudumu itakuwa hamsini, na yeye mwenyewe hajawahi kutoa hata mia!"

Hilo lilikuwa kweli, na liliniingia mahali ambapo sikuwa nimejiandaa. Nilianza kueleza tena kwa kutumia vikombe vya chai: kikombe cha kwanza kinamwagwa kidogo, cha pili zaidi kidogo. Binamu yangu mlinzi aliuliza kama chai itapozwa mpaka lini. Nikaeleza kwa mfano wa mtu.

"Chukulia kuna mtu anapata laki tano na kumi na tano. Anaongezwa ishirini na tano. Kwa jedwali la sasa, huyo mtu akikubali kuongezwa anabaki na pungufu ya alichokuwa nacho. Si haki."

"Mtu gani?" aliuliza mama mdogo.

"Mtu yeyote."

"Hapana, mtaje. Hapa sote tunajuana. Nani kaongezwa mshahara tukamuumiza?"

Nilijua nikitaja jina moja tu, mjadala ungegeuka. Wangemwona. Ni ngumu kupuuza mtu aliyekaa mbele yako na daftari. Nilimtazama dada. Hakuinua kichwa. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na akatikisa kichwa kidogo sana, mara moja, kama anavyomkatalia mgonjwa anayetaka kuchomoa dripu.

"Ni mfano tu," nilisema.

"Basi tusibadilishe kitu kwa ajili ya mfano," alisema baba mkubwa, na hakusema kwa ukali. Alikuwa amechoka. "Mwanangu, hesabu yako inawezekana ni sahihi. Lakini hili la zamani watu wanalielewa, na wanaleta. Binamu zako wamerudi kwenye vikao. Nikiwaambia leo asilimia zimepanda, mwezi ujao nitakaa hapa na nani? Bibi yako hawezi kusubiri hadi muelewane."

Nilikaa. Nilikuwa na karatasi ya pili mfukoni, yenye hesabu ya kila mtu na jina lake, iliyoonyesha waziwazi nani angelipa nini. Ningeweza kuisoma. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuisoma, na kila mara napata jibu jipya: heshima, woga, jina la dada lililokuwa humo na mshahara wake mpya. La mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, na kwa sababu hiyo siliamini.

"Katibu, andika hoja imeahirishwa," alisema baba mkubwa.

Dada akaandika.

Tulipokuwa tunatembea kwenda kituoni nilimwambia kuna njia nyepesi. Akubali cheo, na kwenye daftari aendelee kujiandika laki tano na kumi na tano. Nani angejua? Baba mdogo mwenyewe, niliamini, alikuwa anaficha posho zake za saa za ziada.

"Daftari nashika mie," alisema.

"Ndiyo maana ni rahisi."

"Ndiyo maana siwezi." Tulipishana na lori la mifuko ya saruji, akanishika mkono kunivuta pembeni kama nilipokuwa darasa la pili. "Halafu wewe sasa hivi unanifundisha kukwepa kodi yako mwenyewe."

Hakusema kwa hasira; hasira angalau ningejua la kuifanyia.

Jumatatu nilimwambia nitamchangia kutoka kwenye posho yangu. Alisema nilipe kwanza umeme wa mwezi huo. Jumanne aliniuliza kama kazi ya kudumu waliyoniahidi ofisini imefikia wapi, nikamwambia bado. Nilikuwa nampigia hesabu kichwani hata akiwa anakula: akiomba waongeze hadi laki sita, akiomba cheo bila nyongeza, akiomba nyongeza isubiri. Hakuna hesabu niliyomwambia.

Jumatano, siku ya mwisho, alirudi mapema.

"Niandikie," alisema. "Kiswahili chako cha barua ni kizuri."

Niliandika kwenye kompyuta ya mkononi ya ofisi, yeye akiwa nyuma yangu anamenya viazi. Niliandika kwamba anatambua heshima aliyopewa. Niliandika kwamba kwa sababu za kifamilia hataweza kupokea nafasi hiyo kwa sasa. Nilifuta "kwa sasa", nikarudisha, nikafuta. Mwishoni niliweka kwamba anawasilisha uamuzi huu kwa masikitiko makubwa.

Alisoma juu ya bega langu, mikono yake ikinuka udongo wa viazi.

"Toa hayo masikitiko."

"Ni adabu tu, sista."

"Hawajaniuliza najisikiaje. Na 'kwa sasa' irudishe."

Niliirudisha. Tulitoka pamoja hadi kwenye duka la kuchapisha, mtaa wa pili, kabla mwenye zahanati hajafunga ofisi. Kijana wa dukani alichomeka flashi yangu, akalifungua faili, akaona neno "nafasi" na jina la zahanati, akatabasamu.

"Unaomba kazi, dada? Nikuwekee karatasi nzito? Inasaidiaga."

"Weka ya kawaida," alisema dada, akimhesabia sarafu. "Nakala mbili. Moja ya kwangu."

Alisaini zote mbili pale pale kwenye kaunta, akaikunja ya kwake mara nne, akaitia kwenye mkoba, na ile nyingine akaishika wazi mkononi isipate mikunjo. Nilimwuliza kama nimsindikize. Alisema hapana, viazi viko jikoni, nikaviwashie moto.